Kona ya Thelathini na Moja

Miaka ishirini na miwili nimesimama mbele ya basi,
kofia ya buluu, glavu nyeupe, kipaza sauti mkononi,
nikiwaonyesha watoto wa watu milima ya Japani
ambayo mimi mwenyewe siioni,
maana nimeipa kisogo.

Darasa la sita hupanda saa moja asubuhi.
Nawajua kabla hawajaketi:
huyu kanywa bilauri nzima ya maziwa,
yule kaogopa, kaja na tumbo tupu.
Tupu nalo halifai. Halina cha kushikilia.

Kidonge humezwa nusu saa kabla ya safari.
Mwalimu Osanai hukigawa kwenye kona ya tatu,
sawa na kufunga zizi
mbuzi amekwisha toka.

Kanta, kiti cha kumi na mbili,
kabandikwa plamu ya chumvi kitovuni
kwa plasta, na bibi yake, alfajiri.
Ananifunulia shati nione.
Namwambia, vizuri sana.
Nifanyeje? Bibi hapingwi kutoka mbali.

Ugonjwa huu hauji na kelele.
Mtoto mchangamfu hunyamaza.
Kisha miayo, mmoja, wa pili.
Kisha midomo inageuka karatasi,
na mate, yale mate mepesi ya chumvi,
yanajaa kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka.

Macho yako kwenye kitabu cha katuni: yanasema tumetulia.
Sikio la ndani linaapa tunakwenda.
Na tumbo, maskini,
linaitwa kutoa ushahidi
katika kesi isiyolihusu.

Kona ya tisa nikamhamisha Kanta.
Nikamketisha mbele, ubavuni mwa dereva Tokunaga,
asiyewahi kuugua tangu azaliwe.
Si kwamba ana tumbo la chuma.
Mikono yake hulipasha tumbo habari
kabla barabara haijafungua mdomo.

Nikafungua dirisha upana wa vidole vitatu.
Nikampa kipaza sauti.
Tazama mbali, nikamwambia, pale lami inapopotea.
Ututangazie.

"Kushoto," akasema, kwa sauti ya kuku mgonjwa.
Watoto arobaini wakaegemea kushoto.
"Kulia. Kali."
"Kushoto, ndefu... bado... bado... basi."
Na hata yule wa maziwa, kule nyuma,
akaacha kuutafuta mfuko wake.

Ukungu ukashuka kona ya ishirini na sita.
"Sioni," akasema Kanta.
"Kulia, mwanangu," akasema Tokunaga,
ambaye hasemi na mtu akiendesha.
"Kulia," akatangaza Kanta.

Kona ya thelathini na moja akatapika.
Kipaza sauti kilikuwa wazi.
Basi zima lilisikia, tangu mwanzo hadi mwisho,
na spika za nyuma ni mpya.
Kimya.
Akajifuta kwa kiganja.
"Kushoto," akasema.

Sijapata kusikia makofi kama yale
hata siku tulipoona theluji mwezi wa tano.

Nilimpa maji, funda dogo, tena dogo,
asiyagugumie. Kipande cha tangawizi yenye sukari.
Plamu ilikuwa imebanduka,
nikaiokota chini ya kiti
nikairudisha kwa heshima zote
ndani ya kitambaa.

Sasa la kwangu.
Naitwa Chigusa, na kona zote hizo naugua.
Zote. Miaka ishirini na miwili,
nikitabasamu, nikienda kinyumenyume.
Ndani ya glavu ya kushoto nimevaa mkanda
wenye kifundo kigumu, vidole vitatu chini ya kiganja,
unaobonyeza mshipa.
Wataalamu wanabishana kama unafaa.
Mimi sibishani. Nabonyeza.

Usiku, chumbani, kitanda bado kinakata kona.
Zamani nilikuwa nakishikilia pembeni, nangoja.
Siku hizi najilaza chali,
nafumbua macho,
na kabla hakijanifikia
naliambia giza:
kushoto.